Kabla ya Kushika Kalamu

Tulipostaafu ualimu tulikusudia kuandika habari za wazee wetu. Daftari likakaa tupu mwaka mzima. Kengele ya shule haikuwapo tena kutuamsha.

Ndipo tulipomkumbuka Anthony Trollope, Mwingereza aliyetunga vitabu huku akiwa mtumishi wa posta. Saa 11:30 alfajiri alikuwa mezani. Mtumishi wake alilipwa pauni 5 zaidi kwa mwaka ili amwamshe kwa kahawa. Nusu saa ya kwanza alisoma aliyoandika jana, kisha maneno 250 kila robo saa (hilo hatuliwezi).

Sisi twachonga penseli usiku, na alfajiri twasoma kwanza ukurasa wa jana. Mzee mmoja amekwisha fariki kabla hatujamwuliza. Wamebaki wawili, Jumamosi twaenda kwao.