Soksi Moja Haivaliki, Mdogo Wangu

Haya, mdogo wangu, vuta kigoda uketi. Leo sikuja kukugombeza sana; nitakugombeza kidogo tu, halafu tutaelewana.

Habari zako ninazo. Kwenye kikapu kilicho nyuma ya mlango kuna soksi moja nzuri uliyoifuma kwa mkono wako, imekamilika mpaka vidoleni, na mwenzake hayupo. Chini yake ipo nyingine ya kijani iliyofika kisiginoni ikakwama, na chini kabisa kuna mdomo wa soksi ambao hata wewe umesahau ulikuwa wa nani. Ukipita dukani unanunua uzi mpya, maana ule wa zamani ukiutazama moyo unakusuta. Usione haya. Yanawapata wafumaji wa Makete na wa Limuru, na hao wa Ulaya wanaoamka na theluji mlangoni yanawapata vilevile. Ila kidole kimoja hakivunji chawa, na miguu ni miwili.

Nikuambie kinachotokea. Soksi ya kwanza unaifuma kwa hamu ya kuona itakuwaje. Kila jioni unakimbilia sindano kabla hata vyombo havijaoshwa. Ukimaliza, umeshaona, hamu imekwisha, na iliyobaki ni kazi. Dawa yake ni ndogo mno: usiisherehekee ya kwanza. Siku unayofunga vidole vyake, usilale kabla hujaanzisha mdomo wa ya pili, hata mizunguko mitano tu. Na uandike. Chukua daftari, andika ulianzisha mishono mingapi, mdomo una mizunguko mingapi, kisigino kilianzia wapi. Unadhani utakumbuka? Hutakumbuka. Utafuma ya pili kwa kukisia, itoke ndefu kuliko ndugu yake, ukasirike, na kikapu kipate mgeni mwingine.

Wenye sindano ndefu ya mviringo, ile ya waya katikati, hufuma zote mbili pamoja, kila moja na bonge lake la uzi. Zinakua pamoja, zinamalizika pamoja. Ni njia nzuri, lakini nyuzi hujisokota mpaka mtu atamani kulia, kwa hiyo sikushauri uanze nayo. Anza na sindano tano fupi zilizochongoka pande zote mbili: nne zimebeba mishono, ya tano inafuma.

Sasa tuje kwenye kosa linalozaa hayo yote. Wewe soksi unaichagua kwa macho. Umeona picha kwenye simu, misokoto imepanda mguu mzima, vitundu vya majani, rangi tatu zinapishana, ukasema hiyo hiyo. Ukiona vyaelea, mdogo wangu, jua vimeundwa, na aliyeviunda alianza na soksi kavu isiyo na urembo wowote. Fuma jozi moja ya namna hiyo kwanza. Moja tu. Ukiimaliza, picha zote utazisoma kwa jicho jingine.

Na kabla ya sindano, pima mguu. Mbona nguo ya sherehe hukubali fundi aikate bila futi kamba, halafu soksi unaikisia? Zungusha futi pale mguu unapopanuka, chini kidogo ya vidole. Tuseme umepata sentimita 22. Soksi ya ukubwa huohuo itateleza ikutie aibu ndani ya kiatu. Inatakiwa iwe ndogo kuliko mguu kwa sehemu moja ya kumi hivi, ili ivutike na kushika. Kwa hiyo unataka sentimita 20. Sasa fuma kipande cha majaribio, ukioshe, kikauke, uhesabu mishono. Kwa uzi mwembamba wa soksi na sindano ya milimita 2.5, wengi hupata mishono mitatu kwa kila sentimita, na 20 mara tatu ni 60. Ila mkono wako unaweza kuwa mlegevu ukapata miwili na nusu tu. Ukianzisha hiyo hiyo 60, umefuma soksi ya sentimita 24. Sikia wanavyolalamika: uzi mbaya, maelekezo mabaya, sindano mbaya. Hapana. Hukupima.

Uzi bora wa soksi ni sufu iliyochanganywa na nailoni kidogo, mara nyingi asilimia 75 kwa 25: sufu inanyonya jasho na kutunza joto, nailoni inazuia kisigino kisiishe mapema. Gramu 100 za uzi wa aina hiyo huwa na mita 400 hivi, na zinatosha jozi ya mtu mzima. Madukani kwetu utakachokutana nacho zaidi ni akriliki, tena nene. Basi fumia hiyo soksi za kulalia na za kushinda nazo ndani, zile za baridi ya Juni na Julai huko Njombe sakitu inapotanda asubuhi. Kwa uzi mnene mishono 44 inaweza kukutosha. Usizilazimishe kuingia kwenye kiatu cha kazini, utachubuka.

Urembo nao una tabia zake, na hapa ndipo wengi mnaponaswa. Misokoto hubana, ukiiweka bila kuongeza mishono, soksi inakuwa nyembamba ghafla. Vitundu hulegeza. Rangi mbili zinazopishana ndizo danganyifu kuliko zote, kwa sababu uzi usiotumika unapita nyuma ya kazi, na ukiukaza, soksi haivutiki tena. Utaivaa mpaka kisiginoni igome kabisa. Acha uzi wa nyuma ulegee, au tumia sindano nene zaidi kwa namba moja. Ile ya mishono miwili ya mbele na miwili ya nyuma, inayovutika mdomo mpaka kifundoni, ndiyo yenye huruma: hata ukikosea kipimo kidogo, inakusamehe. Mimi ningekuwa na uwezo ningeitangaza kuwa soksi ya lazima kwa kila anayeanza.

Kisigino sasa. Najua unakiogopa, na ndipo ile ya kijani ilipokwama. Hakuna uchawi pale. Una mishono 60. Nusu yake, 30, iache ipumzike, ni ya mgongo wa mguu. Hiyo 30 nyingine unaifuma kwenda na kurudi, mistari 30, na kila mwanzo wa mstari mshono wa kwanza unauhamisha bila kuufuma. Upande wa mbele hamisha mmoja, fuma mmoja, mpaka mwisho. Kitambaa kinakuwa kinene mara mbili na kisigino kinadumu. Hapo una kipande cha mraba kinachoning'inia, na ndipo moyo unapoanza kwenda mbio. Tulia. Fuma 17, unganisha miwili, fuma mmoja, geuza kazi ingawa hujafika mwisho. Hamisha mmoja, fuma mitano kwa nyuma, unganisha miwili, fuma mmoja, geuza tena. Utaona pengo dogo pale ulipogeuzia. Tangu hapo, kila mstari fuma mpaka ubaki mshono mmoja kabla ya pengo, unganisha ule wa huku na wa kule, fuma mmoja, geuza. Mishono ya pembeni ikiisha utabaki na 18, na kitambaa kimejikunja chenyewe kikawa kikombe. Okota 15 ubavu huu na 15 ubavu ule, rudisha ile 30 iliyokuwa imepumzika, jumla 78. Kisha kila baada ya mzunguko mmoja punguza miwili, mmoja kila ubavu, mpaka urudi 60. Nimemaliza. Soma tena polepole ukiwa na sindano mkononi. Ukisoma bila sindano haitaingia.

Vipo visigino vingine. Kipo cha kugeuza mistari mifupi, kinachopendeza kwenye uzi wa michirizi ila kinawabana wenye mgongo wa mguu uliopanda. Kipo na kile cha kubandika mwishoni: unafuma bomba moja kwa moja, halafu unafungua mahali pa kisigino na kukifuma baadaye. Hicho Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyehamia Marekani na kuwafundisha wengi kufuma bila kuogopa maelekezo, alikipenda. Kisigino kikichakaa unakifumua peke yake na kufuma kipya. Kwa wenye watoto wa shule, nadhani mmeshaelewa.

Wengine wataanza vidoleni wapande juu. Fanya hivyo uzi ukiwa haba: gawa bonge kwenye mizani sehemu mbili sawa, panda mpaka uzi uishe. Ila ukifika mdomoni funga kwa ulegevu, tumia sindano nene zaidi, la sivyo soksi nzima itakuwa nzuri na haitapita kwenye unyayo.

Halafu hili la kudondosha mshono na kujifanya hukuona. Unauona, kajitundu kako mizunguko sita chini, na mkono unaendelea kufuma. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chukua sindano ya kroshia, udake mshono, upandishe ngazi kwa ngazi mpaka juu. Ni kazi ya dakika. Ukiuacha, siku ya kwanza kuvaa utateremka wote. Na zile ngazi zilizolegea unazoziona pale sindano mbili zinapokutana, kaza mshono wa pili wa kila sindano, wa kwanza pekee hausaidii.

Mtu akikucheka kwa kuvaa soksi na kandambili, mwambie hajui historia. Pale makumbusho ya Victoria and Albert, London, kuna soksi nyekundu za sufu kutoka Misri, za karne ya 3 hadi ya 5 hivi, na mbele zimegawanyika kati ya kidole gumba na vingine, ili mtu avae na ndara. Hizo zilitengenezwa kwa sindano moja, ufundi ulio tofauti na huu wetu. Soksi za sindano mbili na zaidi zilikuja karne nyingi baadaye, na za zamani zilizobaki, za pamba ya bluu na nyeupe, nazo ni za Misri.

Wewe unayemfumia mtoto mchanga, nisikilize vizuri kuliko wote. Usimwekee urembo wa rangi mbili ndani ya soksi. Zile nyuzi zinazopita nyuma hunasa vidole vidogo, na uzi ukijizungusha kwenye kidole hukata damu, mtoto analia usiku kucha na hakuna anayejua kwa nini. Mfumie rangi moja. Kila unapomvalisha, geuza soksi nje ndani uikague, na ukikuta kidole kimevimba na uzi haufunguki, beba mtoto nenda hospitali, usisubiri kukuche. Kamba za kufungia nazo acha. Mguu mrefu wa kuvutika unatosha kuishika.

Na yule anayemfumia shemeji yangu mtarajiwa. Hee. Umejuana naye tangu lini? Soksi za mwanamume ni mishono 68, 72, unyayo mrefu. Jioni zako zitakwenda pale huku yeye hata simu hapokei. Sikukatazi kupenda. Ninachosema, anza na kofia, inamalizika upesi. Ukiona kofia ameivaa, tena mbele ya rafiki zake, mwibie soksi moja kuukuu uipime, uendelee. Ukiona kofia yako amevaa dada yake, mdogo wangu, umejibiwa, tena kwa gharama ndogo. Mishono ile yote ya soksi ingekufanya ung'ang'anie kwa sababu tu umeshafuma sana.

Ukimpa mtu soksi za sufu, mpe na maneno yake, maana nyumbani kwetu nguo hufikichwa. Maji ya vuguvugu, sabuni ya maji kidogo, zikae, zikandamizwe ndani ya taulo, zitandazwe kivulini. Maji ya moto na kufikicha hufanya nyuzi za sufu zishikane na kusinyaa, na zikishikana hazirudi. Mama mkwe akishazichemsha pamoja na mashuka kwa nia njema, usinune. Mshukuru kwa kufua, uwape watoto wa nyumba hiyo wenye miguu midogo. Zikisinyaa hivyo huwa nzito, na baridi haipiti.