Kitufe cha A hakisikii

Swali: Nina Game Boy Color ya zamani. Kitufe cha A hakifanyi kazi mpaka nikibonyeze kwa nguvu sana. Je, kimekufa?

Jibu: Bado kiko hai. Kitufe kinachoitikia kikibonyezwa kwa nguvu huwa na uchafu au kimechakaa. Kisipoitikia kabisa, shuku njia ya shaba iliyokatika kwenye bodi.

Chini ya plastiki kuna kipande cha mpira chenye duara jeusi la kaboni. Ukibonyeza, duara hilo huunganisha njia mbili za shaba, umeme ukapita. Jasho, vumbi na soda iliyomwagika huzuia mguso huo.

Toa betri na kaseti ya mchezo. Fungua skrubu za nyuma kwa bisibisi yenye ncha ya umbo la Y. Bisibisi isiyolingana itaharibu vichwa vya skrubu. Inua bodi taratibu, maana utepe wa kioo hukatika upesi. Futa bodi kwa pamba iliyolowa kidogo spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Duara la kaboni lipanguse kwa upole, bila kulikwangua kwa msasa. Acha vikauke kabisa.

Tatizo likibaki, gusisha ncha mbili za mita ya kupimia umeme kwenye duara. Lisipopitisha umeme, nunua mpira mpya. Bei yake ni ndogo. Likipitisha, mpelekee fundi akague bodi. Kifaa cha mwaka 1998 kinastahili jitihada hiyo.