Saa ya jua

Mwezi wa 6, watoto wa masomo, huko Lubumbashi, walisimika fimbo wima katikati ya kiwanja. Kila saa waliweka jiwe pale kivuli kilipoelekea. Kesho yake kivuli kilirudi kwenye mawe yale yale, wakafurahi sana. Likizo ikaja, mawe yakabaki.

Mwanzo wa mwezi wa 10, Mwalimu alikwenda kumtazama mgonjwa, akaenda na saa yake. Akamwambia mtoto mmoja: «Saa tano upige kengele, wadogo waende kwao.» Mtoto akaenda kutazama kivuli. Kumbe, kiko karibu na jiwe la saa moja! Akangoja. Wadogo wakalia njaa, naye akazidi kungoja. Mwalimu aliporudi, saa sita ilikuwa karibu.

Je, mtoto alikosa? Hapana. Jua halipiti njia moja mwaka mzima. Mwezi wa 6, huko Lubumbashi, hupita kaskazini: saa sita ya mchana, fimbo ya sentimeta 100 ina kivuli cha sentimeta 70, upande wa kusini. Mwezi wa 12 jua hupita kusini: kivuli ni sentimeta 20 tu, upande wa kaskazini. Kwa hiyo mawe ya kipwa hayafai wakati wa mvua.

Basi, tulaze fimbo.

Twaeni kibao. Pigeni duara kwa msumari na kamba. Kamba ile ile, bila kuirefusha, itaingia mara 6 juu ya mzunguko wa duara. Gawanyeni kila sehemu katikati, kisha tena katikati: sehemu 24 sawasawa, moja kwa kila saa ya mchana na ya usiku. Andikeni mistari hiyo pande zote mbili za kibao. Toboeni katikati, mpitishe fimbo nyembamba iliyonyooka, isiinamie upande wowote.

Sasa simikeni miti miwili yenye panda, mmoja kaskazini, mmoja kusini, katikati yake sentimeta 50. Mnaijuaje kaskazini? Kivuli cha fimbo ya wima, kinapokuwa kifupi kupita vyote vya siku ile, hulala juu ya mstari wa kaskazini na kusini. Mti wa kusini upite wa kaskazini kwa sentimeta 10. (Ninyi wa Bukavu, sentimeta 2 zatosha.)

Lazeni fimbo juu ya panda, kibao kisiguse chini. Mstari unaoelekea chini kabisa ndio saa sita. Upande wa magharibi ni saa tano, saa nne, saa tatu. Upande wa mashariki, saa saba, saa nane, saa tisa. Tangu mwisho wa mwezi wa 3 mpaka mwisho wa mwezi wa 9, someni uso wa kaskazini. Miezi mingine, uso wa kusini. Karibu na tarehe 21 ya mwezi wa 3 na 23 ya mwezi wa 9, jua hupiga ukingo tu, na saa yetu hulala siku chache.

Msishangae ikiwa saa ya Mwalimu haipatani sana na yenu. Katikati ya mwezi wa 2, jua la Lubumbashi hufika saa sita yake wakati saa ya mkononi imekwisha kupita saa sita kwa dakika 24.

Maulizo
1. Kwa nini mawe ya mwezi wa 6 yalimdanganya mtoto?
2. Asubuhi, kivuli cha fimbo huelekea upande gani?
3. Leo mtasoma uso gani wa kibao?