Usimwache Mama Botini Akihesabu Mapovu

Barua ya leo imetoka Tindiga, wilayani Kilosa. Aliyeiandika ni mwalimu, mama yake ni mkulima wa mpunga, na kwa miaka mitatu binti huyu amekuwa akiweka akiba ampeleke mama Oman. Haendi kutafuta kazi wala hampeleki mama hospitali. Wanakwenda kutembea tu: waone misikiti, masoko na ngome, na yeye mwenyewe ashuke baharini akaone samaki. Akamweleza mama hivi: “Mama, tunakwenda Oman, na mimi nikifika huko nitazamia.” Mama akaweka ungo chini. Usiku hakula. Asubuhi alikuwa ameshafika kwa shangazi mtu kuomba wazee waje waongee na mtoto.

Mdogo wangu, mama yako hakukosea. Kwa masikio yake, kuzamia ni kule kwa vijana wanaojificha kwenye meli wafike Ulaya. Na Oman ni nchi ambayo mabinti wetu huendea kazi za ndani. Wapo waliorudi wakajenga, na wapo waliorudi wamevunjika moyo na mwili. Umeyaweka maneno hayo mawili pamoja, ukamtangazia msiba. Rudi kwake jioni akiwa ametulia. Sema “kupiga mbizi”. Mwambie ni mchezo wa chini ya saa moja, una mwalimu, na mtu hupanda juu akanywa chai. Kisha mwonyeshe tarehe ya kurudi hata kabla ya tarehe ya kwenda. Mzazi husikiliza vizuri akishajua mtoto anarudi.

Halafu muulize anachokitaka yeye. Hujaniandikia dini yenu, ila kama ni Waislamu, jua kwamba mama wengi wa kwetu wakisikia Uarabuni moyo unakwenda Makka moja kwa moja. Ukimpeleka Maskati, kule Oman, kuogelea wakati yeye usiku na mchana anaomba Umra, atakwenda, atatabasamu kwenye picha, na atarudi na kiu yake. Muulize ukiwa hujaanza kulipia chochote. Akisema Umra kwanza, ahirisha bahari. Samaki watakusubiri.

Tuseme amekubali Oman. Mtakwenda lini? Hapa naona wengi wanakosea kwa kufuata likizo za shule. Mwezi wa saba, mpunga ukiwa umeshauzwa na fedha ipo, Maskati joto hupita nyuzi 40, na mtu mzima hawezi kutembea hata mtaa mmoja mchana. Januari hali ya hewa ya kule ni nzuri mno, lakini Januari mama yuko shambani na hatakuelewa. Mimi ningechagua mwisho wa Oktoba. Mavuno yameingia, mvua za kwetu hazijashika, kule joto limeanza kupungua na bahari bado ina uvuguvugu. Omba ruhusa yako kazini mapema kwa ajili ya siku hizo, usingoje likizo.

Nyaraka nitazigusa kwa haraka. Masharti ya viza ulizia ubalozi wa Oman pale Dar es Salaam, si kwa dalali wa kijiweni. Mchanjwe homa ya manjano angalau siku kumi kabla ya safari, na kadi ziwe mkononi. Kwa kuwa wewe ni binti na unakwenda Oman, maafisa wa uhamiaji wanaweza kukuuliza maswali mengi uwanjani. Usikasirike, maswali hayo yamewaokoa wenzako. Beba tiketi ya kurudi, barua ya ruhusa ya mwajiri wako na uthibitisho wa hoteli. Ukifika kule, pasi zenu mbili zikae kwenu. Mtu akikuambia “nikutafutie kazi ubaki” wakati una viza ya matembezi, ondoka hapo. Na msibebe kifurushi cha mtu yeyote, hata akiwa jirani wa mlango kwa mlango.

Dawa za mama za presha au sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya paketi zake, pamoja na barua ya daktari. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zina masharti makali katika nchi za Ghuba. Kama anazitumia, lizungumze hilo na daktari kabla ya kufunga mizigo.

Sasa bahari. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea.

Nilipompeleka mama yangu Maskati, nilipanga siku nzima ya boti kwenda visiwa vya Daymaniyat. Ni visiwa tisa, hifadhi ya bahari, vina matumbawe, na kasa ng'amba huja kutaga mayai pale. Nilikuwa nimeviota kwa miaka. Nikamketisha mama kwenye boti, nikampa chupa ya maji na biskuti, nikavaa mtungi wa hewa nikashuka. Nikapanda, nikapumzika kidogo, nikashuka tena. Chini niliona kasa amelala chini ya jabali kama mtu aliyejifunika blanketi, nikasahau dunia. Tuliporudi mama alikuwa kimya. Usiku, hotelini, akaniuliza: “Yale mapovu yakikatika, maana yake nini?”

Kumbe muda wote ule alikuwa akiyafuata mapovu yangu kwa macho. Anayahesabu. Boti ikiyumba anayapoteza, anaanza kuomba Mungu hadi ayaone tena. Hakuna aliyemwambia kwamba mapovu hupotea kwa sababu mtu amesogea, au mawimbi yameyafunika. Alikuwa ametapika mara mbili, akawasihi mabaharia wasiniambie nisije nikaharibiwa siku yangu. Miguu ilikuwa imevimba. Nilimkanda kwa maji ya moto huku nalia, na yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza.

Kwa hiyo nisikilize. Siku ya mbizi iwe moja, mbili zikizidi, na isiwe ya visiwa vya mbali. Kusini mashariki ya Maskati kuna Bandar Khayran, ghuba ndogondogo zilizozungukwa na majabali, ambako maji hutulia na boti haiendi mbali. Mpeleke mama siku moja kabla akutane na mwalimu wako wa mbizi. Ashike mtungi, aone geji ya hewa, aulize maswali yake yote, hata ya kurudiarudia. Mwambie dakika utakazokaa chini, na mvalishe saa. Boti iwe na kivuli. Dawa ya kichefuchefu anywe kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika. Na kama hapendi boti, mwache ufukweni au hotelini kwa amani, usimlazimishe aje kukushangilia.

Naye anaweza kuingia majini. Jaketi la kuokolea, miwani na mrija wa kupumulia, mkono wake umeshikwa na mtu anayejua, maji yakiwa kimo cha kifua: hapo anawaona samaki wa rangi zote bila kushuka. Mtungi ni habari nyingine. Vituo vya mbizi hutoa fomu ya afya, na mtu aliyepita miaka 45 huulizwa maswali ya ziada kuhusu moyo, presha na sigara. Mama mwenye presha asivae mtungi mpaka daktari aandike kwamba anaweza. Usimsaidie kujaza “hapana” kwenye fomu ili mambo yaende.

Na wewe, mdogo wangu, umeandika kwamba unajua kuogelea kwa sababu umekulia karibu na mto Miyombo. Bahari haitakuuliza hilo. Kozi ya kwanza ya mbizi inakutaka uogelee mita 200 na uelee dakika 10, ndipo upate cheti cha kushuka hadi mita 18. Isome hapa nyumbani, Zanzibar au Mafia, mwalimu akikusahihisha kwa Kiswahili. Mafia ukibahatika utamwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, bila hata kutoka nchini. Ukienda Oman uwe na cheti mkononi, ili siku zako chache usizimalizie darasani huku mama akikungoja.

Kuna jambo moja ambalo wasafiri husahau, nalo ni la hatari. Ukiwa mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na naitrojeni iliyo katika hewa unayovuta huyeyuka mwilini. Ukipanda polepole inatoka yenyewe. Ukipanda kwa pupa, au ukaenda mahali pa juu mapema mno, inageuka mapovu ndani ya damu na viungo, kama chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla. Ndiyo maana baada ya mbizi ya mwisho unangoja. Mimi huhesabu saa 24 kamili kabla ya ndege. Milima nayo imo. Jebel Akhdar, wanakolima mawaridi na makomamanga, ipo kama mita 2,000 juu ya bahari. Usipige mbizi asubuhi ukampandisha mama huko jioni. Weka bahari siku za mwanzo, milima na masoko baadaye, ndege mwisho.

Matembezi yenyewe yapange kwa mwendo wa mama. Jambo moja asubuhi, kulala mchana, jambo moja jioni. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, hupokea wasio Waislamu asubuhi, Jumamosi hadi Alhamisi. Nywele, mikono na miguu vifunikwe, na kanga mbili za mama zinatosha kabisa. Ndani kuna zulia la tani 21. Wanawake wa Iran kama 600 walilifuma kwa miaka minne. Mama yangu alipoambiwa hivyo aliinama akaligusa, akasema, “Mikono ya watu hii.” Hakusema tena mpaka tulipotoka.

Matrah, sokoni, mpe fedha zake mwenyewe. Rial moja ni zaidi ya shilingi 6,000, na akiwa anakuomba kila mara atakuwa anahesabu magunia ya mpunga badala ya kufurahi. Mpe siku ya kwanza, kwenye pochi yake, usiulize amenunua nini. Na umwache aongee. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 familia nyingi ziliondoka visiwani, na Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi, kwa hiyo Maskati utawakuta wazee wanaozungumza Kiswahili cha Unguja kama walitoka jana. Mama yangu alimwamkia mwenye duka mmoja kwa mazoea tu, “Shikamoo,” akajibiwa “Marahaba, karibu mwanangu.” Tulikaa pale hadi duka likafungwa, tukinywa kahawa ya iliki na halua. Mishkaki nayo wanayo barabarani, na jina ni karibu lile lile.

Mji wa Nizwa mwende Ijumaa asubuhi. Ngome yake ya karne ya 17 ina ngazi nyingi, na mama akisema atakaa kivulini mwache akae. Kinachomfaa yeye ni mnada wa mbuzi pembeni yake: wauzaji huwazungusha mbuzi kwenye duara, wanunuzi wameketi, bei zinapigiwa kelele. Mtu aliyezoea minada ya Kilosa atajua mara moja yupi ana afya na yupi amenyweshwa maji ili aonekane mnene. Kwa saa moja yeye ndiye atakuwa mwalimu na wewe mwanafunzi. Wazazi wetu wamewaona tembo wakivuka barabara kuu pale Mikumi bila kulipa kiingilio, si rahisi kuwashangaza kwa kitu ghali. Wapeleke kwenye jambo wanalolijua, walione likifanywa na watu wengine.

Jiandae pia na swali zito. Misafara ya biashara ya kwenda pwani ilipita bonde la Mkondoa, hapo hapo Kilosa, na wazee wa Usagara wamesimuliwa habari za watu waliofungwa minyororo. Mama yangu aliniuliza mbele ya kuta za ngome: “Hawa si ndio wale?” Nilimjibu ukweli. Masultani waliotawala Zanzibar walitoka nchi hii, biashara ya watumwa ilikuwepo na iliwatajirisha wengi, soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873 chini ya Sultan Barghash, na huyu kijana anayetuuzia tende hakuwepo. Alinyamaza, akanunua tende. Usimkatize mzazi swali kama hilo ili kulinda raha ya likizo. Jioni ile ndiyo aliyonisimulia habari za bibi yake, ambazo sikuwahi kuzisikia miaka yote nyumbani.

Mdogo wangu wa Tindiga, umeniandikia mambo mengi kuhusu mapezi na miwani, lakini hujasema kama mama ana pasi. Anza na hilo wiki hii. Nenda naye Uhamiaji Morogoro na kitambulisho chake cha NIDA; kama hana cheti cha kuzaliwa, ulizeni utaratibu wa kiapo. Ada ni shilingi 150,000, na pasi hudumu miaka 10. Siku hiyo msirudi mbio, mpeleke akale vizuri mjini. Kisha mniandikie wote wawili, na barua ya mama usiisome kabla yangu.