Umeme wa Karakana ya Uani: Maswali Kuhusu Kubadili Kebo ya Ardhini

Karakana nyingi za uani, ziwe za useremala au za kuchomelea mageti, hupata umeme kwa waya uliofukiwa kutoka nyumba kubwa. Waya huo hauonekani, hivyo husahaulika mpaka siku mashine inapogoma.

Nitajuaje kuwa waya umechoka?
Randa ikiwashwa, taa zinafifia. Breka inaruka, hasa baada ya mvua. Ukigusa bodi ya mashine, mkono unapata ganzi. Hapo zima umeme wa karakana na usiuwashe tena mpaka fundi aje.

Dalili nyingine ni uniti za LUKU kuisha upesi. Chomoa na zima kila kitu, nyumbani na karakanani, kisha tazama mita. Kama kitaa chake bado kinametameta, zima breka ya karakana iliyo upande wa nyumbani. Kikitulia, umeme unavuja huko, na waya wa ardhini ndio wa kwanza kushukiwa.

Umeharibikaje wakati haujaguswa?
Mara nyingi uliofukiwa ni waya wa kawaida wa ndani ya nyumba, ambao ganda lake halikutengenezwa kukaa kwenye unyevu. Jembe hulichubua, panya na mchwa hulitafuna, maji yakaingia na shaba ikaota kutu ya kijani. Palipougua zaidi ni kwenye maungio. Si ajabu kufukua na kukuta kiungo kimezungushiwa solotepu na mfuko wa rambo, mifuko iliyopigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019!

Si niunge tu palipokatika?
Ganda lililooza mahali pamoja huwa limedhoofika na kwingine, na kiungo kipya ni mlango mpya wa maji. Weka kebo moja nzima, kutoka boksi la breka la nyumbani hadi la karakana. Ya zamani ifunguliwe ncha zote mbili na kung'olewa. Shaba yake ina mnunuzi kwa wauza skrepa.

Ninunue kebo gani?
Kebo ya shaba ya kufukia ardhini, yenye deraya ya nyuzi za chuma chini ya ganda la nje. Unene hutegemea mzigo na umbali. Kebo ya milimita za mraba 2.5 yenye urefu wa mita 40, ikibeba ampea 20, hupoteza takriban volti 14: umeme wa volti 230 unafika ukiwa 216. Ya milimita 6, kwa mzigo uleule, hupoteza takriban volti 6 tu. Mafundi hulenga upotevu usizidi asilimia 5, yaani volti 11.5. Akiba uliyoifanya dukani kwa kununua kebo nyembamba utailipa kwa mota zinazopata joto na kuungua.

Mtaro uchimbwe kiasi gani?
Sentimita 60, yaani futi mbili, ndicho kina kinachotumika sana. Panapopita gari, shuka hadi 75. Kaa mbali na shimo la maji taka. Tandika mchanga laini usio na kokoto, laza kebo bila kuivuta ikakaza, ifunike kwa mchanga, kisha panga tofali juu yake. Ukifikia nusu ya kufukia, tandaza tepu ya tahadhari. Mchimbaji wa kesho aione tepu kabla jembe halijafika kwenye kebo.

Usalama wa mtumiaji je?
Athi si hiari. Deraya nayo iungwe na athi. Weka breka inayohisi mvujo, ile yenye kitufe cha kujaribia, ya miliampea 30. Ndiyo inayokata umeme kabla haujaua. Kitufe hicho kibonyezwe mara kwa mara. Karakanani pawe na swichi kuu yake, karibu na mlango.

Nani afanye kazi hii?
Mtaro unaweza kuchimba mwenyewe, umeme wa waya wa zamani ukiwa umezimwa. Kuunganisha ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA; mwombe akuonyeshe. TANESCO huhudumia laini hadi kwenye mita, na yanayofuata ni ya mwenye nyumba. Sili ya mita usiiguse. Ukiongeza mashine kubwa ya kuchomelea, waulize kwanza kama laini yako inaimudu.

Kabla ya kufukia?
Fundi apime ganda la kebo kwa kifaa cha volti 500. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, usifukie. Na kwa kebo mpya tarajia kiwe juu zaidi ya hapo sana. Piga picha mtaro ukiwa wazi, futi ya kupimia ikionekana. Chora njia ya kebo kwa vipimo kutoka ukutani, ubandike mchoro huo ndani ya kifuniko cha boksi la breka. Siku mwanao atakapotaka kupanda mwembe uani, ataanzia hapo.