Mpangaji Mgeni na Mwenye Nyumba Aliye Ng'ambo

Mtaa wa Makadara, katika kisiwa cha Mombasa, umezoea wageni tangu zamani. Hapo walikaa Wabaluchi, ambao wazee wao waliletwa kuwa askari wa masultani wa Oman na kuilinda Ngome ya Yesu. Katika zama za majahazi mgeni alikuja na kaskazi akarudi na kusi, na mtu aliyempokea nyumbani ndiye aliyejulikana kuwa mdhamini wake. Siku hizi mgeni huulizwa hati. Taabu ni kwamba aghalabu mwenye nyumba hayupo: yuko Muscat, au Dubai, au amekwisha kufariki na warithi wametawanyika, na kodi hupokewa na mpwa wake au jirani.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 yamtaka mgeni atakayekaa nchini zaidi ya siku 90 ajiandikishe na apate cheti cha mgeni. Maombi huanza kwenye intaneti, na pamoja na pasipoti na kibali chake, mgeni huulizwa mahali anapokaa. Yafaa ifahamike wazi kwamba wajibu huo umewekwa juu ya mgeni mwenyewe. Anayelala hotelini huandikwa katika daftari la wageni. Lakini aliyepanga chumba nyumbani kwa mtu hana wa kumwandikia, na kusema kwamba mwenye nyumba yuko safarini si udhuru.

Tuseme Mngazija amepata kazi Mombasa, kibali anacho, naye amepanga chumba cha ghorofani kwa maneno ya mdomo tu. Mapatano yake si batili, maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yakubali mapatano ya mdomo kwa upangaji usiozidi miaka 2. Lakini maneno ya mdomo hayawezi kuwekwa mezani mbele ya karani. Siku zinapokaribia kwisha humwendea yule mpwa, naye hukataa kutia sahihi, akichelea kwamba mjomba wake atamwuliza nani alimpa ruhusa. Mpangaji hufungua simu na kuonyesha ujumbe wa M-Pesa. Ujumbe huo wataja jina la aliyepokea, kiasi na tarehe. Hautaji nyumba, wala chumba, wala kwamba fedha ile ilikuwa kodi.

Haya yote yangeepukwa siku ya kwanza, kabla fedha haijatoka mkononi. Mpangaji na aombe barua ya mwenye nyumba mwenyewe, hata ikiwa fupi, yenye kumtaja msimamizi na kusema kwamba ana idhini ya kupangisha na kupokea kodi. Ikiwa mambo ni makubwa zaidi, mwenye nyumba aliye ng'ambo aweza kutoa hati ya uwakala na kuithibitisha katika ubalozi wa Kenya huko aliko. Kisha kila mwezi adai stakabadhi yenye kutaja nyumba, chumba na mwezi unaolipiwa. Msimamizi wa haki hatachukizwa na ombi hili. Na anayechukizwa, huenda hana idhini yoyote, na mpangaji ni heri alijue jambo hilo mapema kuliko kulijua baada ya kulipa kodi ya miezi sita.

Nyumba nyingine ni za wakfu. Mpangaji asidhani kwamba nyumba ya namna hiyo haina mwenyewe. Amtafute mutawalli wake, au aulize katika ofisi ya Wakfu Mombasa.

Ikiwa hakuna wa kuandika, mpangaji aende na stakabadhi zake kwa mzee wa mtaa, kisha kwa chifu. Mpango wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa Kenya mwaka 2013 kwa kufuata mfano wa Tanzania, umewazoeza wazee hao kujua ni nani anakaa mlango gani. Barua ya chifu yasaidia kuthibitisha makazi, ingawa haishiki nafasi ya cheti cha mgeni. Jambo la hatari ni kumwendea mtu asiyehusika ajifanye mwenye nyumba na kutia sahihi: hapo upungufu wa karatasi hugeuka kuwa kosa la kudanganya Serikali, na kibali chenyewe chaweza kupotea.

Akihama, mathalan kutoka Makadara kwenda Kibokoni, barua ya nyumba ya kwanza haimfai tena. Apate nyingine kwa msimamizi mpya, aipeleke ofisi ya uhamiaji habari ya makazi yake mapya, na zile stakabadhi za zamani azifunge pamoja na pasipoti yake.