Kuku Wanapokufa kwa Wingi: Elimu kuhusu Homa ya Mafua Makali ya Ndege

Mnamo Januari 2017, ndege wa porini walikutwa wamekufa katika ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe nchini Uganda. Kuku na bata wa wananchi wilayani Masaka nao wakafa. Maabara ilithibitisha homa ya mafua makali ya ndege, aina ya H5N8, na Kenya ikazuia kuku na mayai kutoka Uganda. Mwaka huohuo ugonjwa ulithibitishwa mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo. Ndege wa porini hawasimami kwenye vituo vya mpaka. Hivyo mfugaji wa Busunzu anapaswa kuufahamu ugonjwa huu kabla haujamfikia.

Namna unavyoenea

Ugonjwa husababishwa na virusi. Bata wa porini na ndege wengine wa majini huweza kuvibeba bila kuonesha dalili. Kinyesi na makamasi yao huchafua maji na chakula cha kuku. Kutoka banda hadi banda, virusi husafiri kwa viatu, matenga na kuku wagonjwa wanaopelekwa sokoni.

Dalili kwa kuku

Kuku wengi hufa ghafla. Wengine huvimba kichwa, upanga na ndevu hugeuka rangi ya zambarau, hupumua kwa shida na kuacha kutaga. Mdondo nao huua kuku kwa wingi, pamoja na kuharisha kijani na kupinda shingo. Kwa macho pekee magonjwa haya hayatofautishiki kwa uhakika. Maabara ndiyo huamua. Chanjo ya mdondo, tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu, ni muhimu sana, lakini haikingi mafua ya ndege.

Hatari kwa binadamu

Aina ya H5N1 iliambukiza watu 18 huko Hong Kong mwaka 1997, na 6 walifariki. Tangu 2003, Shirika la Afya Duniani limepokea taarifa za wagonjwa zaidi ya 900 wa aina hiyo, na karibu nusu yao walifariki. Wengi waliambukizwa kwa kushika, kuchinja au kunyonyoa ndege wagonjwa. Maambukizi kati ya mtu na mtu ni nadra. Nyama na mayai yaliyoiva kabisa hayaambukizi.

Wajibu wa mfugaji

1. Asichinje, asile wala asiuze kuku mgonjwa au mzoga.
2. Asiguse mizoga kwa mikono mitupu, na awazuie watoto kuichezea.
3. Atoe taarifa mara moja kwa ofisa mifugo wa kata au mwenyekiti wa kijiji. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka hivyo.
4. Mizoga ichomwe au ifukiwe kwenye shimo refu, baada ya ofisa mifugo kuchukua sampuli.
5. Kuku wageni watengwe kwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine.
6. Aliyeshika kuku wagonjwa kisha akapata homa, kikohozi au shida ya kupumua awahi zahanati na aeleze habari za kuku hao. Dawa husaidia zaidi zikianza mapema.

Ni uchungu kumfukia kuku ambaye angelipia daftari la mtoto. Hata hivyo, kuku mgonjwa akiuzwa kwa bei ya hasara, hasara hiyo huhamia kwa jirani, na huenda ikarudi nyumbani ikiwa ugonjwa wa mtu.